Ubishi wa Mipini, Kamwokya hadi Kimilili

Kamwokya, Kampala
21 Februari 1993

Kwako Mjomba Wamalwa,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama Nelima na wote wa bomani. Oketch, yule dereva wa lori la mahindi, ameniambia kwamba huko Kimilili mmeanza kulima hata kabla ya mvua, na kwamba ameuona mwendo wako shambani, mwendo wa mwalimu anayekagua madawati. Nimefurahi. Mimi ni mzima. Malaria ya Januari iliniangusha wiki nzima, lakini imeniacha, na sasa natamani hata sahani ya jirani. Ya ofisini si ya kuandika leo. Ukinijibu, tumia anwani iliyo nyuma ya bahasha, ya sanduku la kanisa letu hapa Kamwokya. Iko karibu nami zaidi.

Sasa nije kwenye jambo. Ugonjwa wako wa visu vya kukunja ulinishika nikiwa darasa la nne, uliponipa tupa kwa mara ya kwanza katika karakana ya shule. Nilidhani Kampala nzima niko peke yangu. Siko. Kila Jumapili mchana watu watatu huja kibarazani kwangu na visu vyao, wakabishana juu ya mipini kama watu wanaogombania posa.

Mkubwa wao ni Mzee Saverio, polisi mstaafu, Mwacholi, ana visu arobaini na kimoja ndani ya mkebe wa biskuti. Wa pili ni Erinayo, fundi cherehani wa mtaa huu, Muganda mpole mpaka umguse pembe. Kwake kisu kisicho na mpini wa pembe ya ng'ombe wa Ankole ni kijiko. "Pembe ndiyo mzuli," anasema, "mengine ni kujidanganya." Wa tatu ni Babra, anauza kabichi soko la Kalerwe. Ana kisu kimoja tu, lakini maoni yake hayaenei kwenye mkebe wa Saverio.

Kesi yenyewe ni hii. Saverio ana kisu ambacho mpini wake uliundwa na rafiki yake Odur mwaka ule vita vilipoisha, wakiwa polisi pamoja. Mpini wa asili ulikuwa umevunjika, Odur akayeyusha kipande cha sufuria, akakimimina kwenye udongo. Ni mbaya, Mjomba. Una mabonde, una alama ya kidole, na sasa umepata ufa kutoka msumari wa kwanza wa ribiti hadi wa pili. Odur anakuja Pasaka kutoka Lira, na Saverio hataki aukute umepasuka.

Erinayo anasema nitupe sufuria, niweke pembe. Babra anasema nijaze ufa, nisugue kwa msasa mpaka ung'ae, maana mgeni haonyeshwi kitu kichafu. Saverio anavuta masharubu tu. Kisu kiko mezani kwangu. Wewe unasemaje?

Mpwa wako,
Nakhisa


Kimilili
14 Machi 1993

Mwanangu Nakhisa,

Tunakusalimu sana. Mama yako Nelima anauliza kama unakula mboga au unakula mikate ya mjini tu. Mvua imenyesha siku tatu mfululizo, mahindi yameota, na ndama dume niliyekuandikia habari zake Krismasi amejifunza kufungua lango kwa ulimi. Nafikiria kumpa kazi ya ubawabu.

Nimesoma kesi yako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama.

Mwambie huyo Erinayo kwamba pembe ni mali, sikatai. Nuru inapita ndani yake kama chai ndani ya gilasi, na ukiipasha moto inakutii. Lakini pembe haisahau kwamba ilikuwa imepinda. Mwaka mmoja wa kiangazi, itaanza kurudi ilikotoka na kuziacha ribiti zikining'inia. Na wadudu wanaila! Nina kisu hapa ambacho wadudu wamekula upande mmoja kama mkate. Mfupa ndio mfalme: mfupa wa mguu wa ng'ombe, uliolowekwa mpaka mafuta yote yatoke, usichemshwe sana maana utapasuka, kisha utiwe rangi kwa ile dawa ya zambarau ya kuoshea vidonda. Unatoka kahawia kama asali ya msituni. Mpingo nao ni wa watu wenye subira. Na pembe ya ndovu, mtu akikuletea hata bure, mfukuze. Ni jela, na zaidi ya jela ni aibu.

Kuhusu umalizio, sina maneno mengi, unayajua. Vanishi ni soksi juu ya mkono. Mpini upigwe msasa mpaka uwe laini kama sabuni waliyoogea watu wawili, upakwe mafuta ya kitani, basi. Mimi mpini wenye mikwaruzo siushiki.

Lakini hayo ni ya mpini mpya. Huu wa Odur usiuguse! Umeshikwa miaka saba. Mkono wa Saverio umeshaumaliza, msasa wako utamaliza nini tena? Toboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usitembee, tia pini ya shaba katikati, igonge polepole, uiache ionekane. Anayekuja Pasaka haji kutazama uzuri. Anakuja kutazama kama kisu bado kipo.

Mwisho, naona anwani mpya. Ile kampuni ya Nakawa imehama? Na nimeona pia kwamba kisu cha mtu "kiko mezani kwako." Meza gani? Karani wa ofisi ana meza ya mashine ya chapa, hana meza ya tupa. Nauliza tu. Hapa kanisani nimeshawaambia wote kwamba mpwa wangu anafanya kazi ghorofani.

Mjomba wako,
Wamalwa


Kamwokya, Kampala
18 Aprili 1993

Mjomba mpendwa,

Pasaka njema iliyochelewa kwako na kwa Mama Nelima. Mwambie nakula mboga za dodo na nakati mpaka meno yamekuwa ya kijani. Huku mvua inaingia nyumbani bila kubisha hodi. Mtaro wa Kamwokya ulifurika Ijumaa Kuu, tukaenda kanisani viatu mkononi.

Nilifanya ulivyosema. Nilitoboa tundu nikiwa nimebana pumzi, nikatia pini, nikaigonga. Erinayo alinuna. Babra, anayeniita nyabo kama wanavyomwita kila mwanamke huku, alisema, "Nyabo, umelipwa kutengeneza, wewe umeacha vile ilikuwa!" Nikawasomea barua yako yote, hadi ile sabuni waliyoogea watu wawili. Saverio akasema, "Huyu mwalimu yako ni mtu ya akili. Iko na cheo gani?" Nikamwambia mwalimu wa useremala. Akakupigia saluti, Mjomba, akiwa ameketi.

Jumatatu ya Pasaka Odur akaja. Mtu mfupi, mnene, mwenye kicheko cha kuku. Saverio akatoa kisu polepole kama anayemtoa mtoto kwenye blanketi, akakiweka kiganjani mwake. Sote tulisubiri machozi. Odur akakigeuza, akakigeuza tena, akasema, "Banange, Saverio! Bado iko na hii takataka? Mimi nilikuwa nimelewa hii siku!"

Saverio alicheka mpaka akatoka nje kushika ukuta. Odur naye baadaye aliipapasa ile pini ya shaba kwa dole gumba, kisha akauliza ni nani aliyeitia. Nikasema ni mimi. Akaniuliza kama ninaweza kumtengenezea chake. Kwa hiyo sasa nina visu vitatu vya kutengeneza, pamoja na cha padre mmoja wa Nsambya.

Barua hii imekuwa ndefu, na mengine uliyouliza nitayajibu nikipata nafasi.

Wako,
Nakhisa


Kimilili
27 Juni 1993

Mwanangu Nakhisa,

Natumaini u mzima. Usishangae mwandiko. Miwani yangu imevunjika, kwa hiyo ninasema na Nelima anaandika. (Ni mimi, Nelima. Nakusalimu sana mwanangu. Nimeapishwa kuandika anachosema yeye tu, na ninaandika anachosema yeye tu.)

Samahani kwa kuchelewa. Mei ilikuwa na kazi nyingi. Mahindi yamenifika kifuani. Ndama anaendelea na ulinzi. Palizi tumewapa vijana wa jirani mwaka huu, kwa sababu lazima na vijana wapate kazi. (Ndivyo alivyosema.)

Habari ya Odur imenichekesha sana. Nelima alinisomea mara tatu, na kila mara alipofika kwenye "takataka" alisimama kufuta macho.

Sasa nina ombi. Pamoja na barua hii, Oketch anakuletea kisu changu, kile cha mpingo nilichokifunga mpini mwenyewe mwaka 1961. Naomba utoe mpingo uweke mpini mwingine. Nataka uwe mnene, karibu mara mbili ya huo. Usiwe laini. Uuchimbe kwa tupa, mifereji na mabonde, uwe kama gome la mti. Na karibu na ncha ya ubapa, mpini wenyewe uukate pengo la nusu mwezi, pande zote mbili, ili ubapa uweze kubanwa kwa vidole badala ya kuvutwa kwa ukucha. Na springi inayoubana ubapa ipunguzwe nguvu.

Hayo si mambo ya ajabu. Wakusanyaji wa zamani walipenda mipini ya namna hiyo. Nimefikiri upya tu. Mtu akifika miaka sitini na mmoja anaruhusiwa kufikiri upya.

(Anataka niishie hapo. Naishia hapo.)

Mjomba wako,
Wamalwa


Kamwokya, Kampala
8 Agosti 1993

Mjomba wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa mwandishi wako mwaminifu. Kampala imekuwa na sherehe. Waganda wamemtawaza mfalme wao wiki iliyopita, na mtaa mzima ulivaa kanzu na gomesi za kike na nguo za magome ya mti. Erinayo alishona usiku na mchana mpaka vidole vikavimba. Alikuja Jumapili akiwa na macho mekundu na furaha ya bwana harusi.

Kisu kilifika. Oketch alichelewa siku kumi na moja mpakani Malaba, si kwa kosa la kisu. Nilipokifungua niliketi chini. Mpingo ule, Mjomba! Nilijifunza maana ya neno laini kwa mpingo ule. Nikawasomea watu wangu barua yako ili wanisaidie kuelewa.

Erinayo akafurahi kwanza, akidhani umeshindwa ubishi. Babra akasema kumbe umepata akili, maana mkono wa mtu wa kazi huwa na maji, na mpini laini huteleza. Saverio akaniomba barua ya Machi na hii ya Juni, akaziweka pamoja juu ya goti, akazisoma kama anasoma maelezo ya mshitakiwa. Halafu akauliza, "Nani amevunja miwani?"

Nikasema sijui.

"Na palizi, siku zote nani analima?"

Nikasema wewe mwenyewe, miaka yote.

Akakunja barua. Akachukua kisu chako, akauweka mkono wake wa kulia chini ya paja, akajaribu kukifungua kwa wa kushoto peke yake. Alikibana kwa magoti, kikateleza. Akakibana kwa meno. Kilianguka sakafuni. Alikiokota akanitazama. "Nyabo, hii si mtu anabadilisha maoni. Hii ni mtu mkono moja imekataa. Mpini mnono ni ya mkono haina nguvu. Hiyo nusu mwezi ni ya mkono haina ukucha ya kuvuta. Mimi nimeandika maelezo miaka ishirini na mbili. Mtu akificha kitu, anasema mambo mengi kuhusu kitu ingine."

Babra alijaribu, Erinayo alijaribu, nami nikajaribu. Hakuna aliyeweza. Tukakaa hivyo, watu wazima wanne, kila mmoja amekalia mkono wake wa kulia, na hakuna aliyecheka.

Sikuandikii ili nikushike uwongo. Nimejiuliza nina haki gani, nami ninakuficha langu tangu Januari. Basi nitoe langu kwanza.

Mjomba, siendi tena ofisini. Niliacha. Si kwamba nilifukuzwa. Nilipougua malaria nililala siku saba, na siku ya saba niligundua kwamba sikuikumbuka ile mashine ya chapa hata mara moja, ila niliota tupa. Niliporudi nikaandika barua ya kuacha kazi kwenye mashine ileile. Meza uliyouliza ni meza yangu. Ina jiriwa, ina msumeno, ina sufuria ya kulowekea mifupa ambayo majirani wanailalamikia. Natengeneza mipini, ya visu vya kukunja, ya visu vya jikoni vya wauza nyama wa Kalerwe, hata ya mapanga. Ninakula, ninalala pazuri. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa umeshawaambia watu kanisani kwamba niko ghorofani, na sikutaka kuwa mtu wa kukuteremsha.

Hilo ndilo langu. Sasa nakuuliza kwa heshima zote, kama mtoto anavyomuuliza mzazi: ni mkono gani, na tangu lini?

Mpwa wako akupendaye,
Nakhisa


Kamwokya, Kampala
26 Septemba 1993

Mjomba,

Nawasalimu nyote wawili. Wiki saba zimepita na sanduku la kanisa halina kitu changu. Oketch anasema amekuona mbali, umeketi nje, ukamnyooshea mkono wa kushoto. Hilo limenitosha. Sitauliza tena. Asiyetaka kusema na asiseme.

Kisu hicho hapo. Mpingo wako nimeutoa bila kuuvunja, umo ndani ya kitambaa chekundu. Sikuweza kuutupa.

Nikueleze nilivyofanya, maana najua utakagua. Sikutaka kubahatisha, kwa hiyo nilitengeneza kwanza mipini mitatu ya majaribio kwa mti wa kahawa. Saverio alijifunga mkono wa kulia kwa tai yake ya zamani ya kazi, akaishi hivyo siku nne, akila, akinyoa ndevu. Alijikata mara mbili na hakutuambia. Tuliona plasta. Mpini wa kwanza ulikuwa mnene mno, akasema ni kama kushika mguu wa meza. Babra alileta kabichi na beseni la maji ya sabuni, akatulazimisha kukata na vidole vyenye sabuni, kwa mkono tusiouzoea. Mpini wa pili uliruka ukaingia kwa jirani; wa tatu haukuteleza, nikachimba mwingine wa mfupa kama huo. Erinayo alitaka pembe mpaka siku ya mwisho. Kisha akaushika wa mfupa uliochimbwa, mkono umelowa, akaurudisha mezani polepole na kusema, "Haya. Kwa huyu mzee, mfupa." Ujue lilimgharimu.

Kwa hiyo ni mfupa. Niliuloweka wiki tatu. Rangi ni ya ile dawa yako ya zambarau, mara mbili, nikaisugua kwenye migongo ili mabonde yabaki meusi na juu pawe asali. Mifereji inakwenda mshazari, kwa sababu vidole vinavyobana kwa unyonge huteleza kuelekea mbele, na mshazari unavizuia. Nusu mwezi iko pande zote mbili. Springi nimeipunguza kwa tupa kidogo kidogo, nikijaribu kila mara. Niliogopa kuizidishia, maana kisu kinachojifunga chenyewe kinamkata mwenyewe. Kilaze kwenye paja, kizuie hata kwa kiganja kisicho na nguvu, uvute ubapa kwa mkono mwingine. Kitafunguka.

Vanishi hakuna. Hata kwa hasira singekutilia vanishi.

Nakhisa


Kimilili
14 Novemba 1993

Mwanangu Nakhisa

Salamu. Nelima mzima. Ndama tumemfunga kamba, alitoroka na kwaya.

Herufi zimelewa. Vumilia. Naandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, na kwa penseli, kwa sababu kalamu ya wino inachafua mkono unaoifuata. Ukurasa huu umenichukua siku tatu. Nelima amekatazwa kusaidia. Anachungulia.

Ni mkono wa kulia. Tangu tarehe 29 Aprili. Niliamka asubuhi nikautafuta kitandani kama mtu anayetafuta blanketi, kumbe ninao. Mguu umerudi, mdomo umerudi. Mkono unashika kidogo kama mtoto aliyelala. Daktari anasema utarudi au hautarudi. Nilimlipa kwa maneno hayo!

Miwani haikuvunjika.

Sikujibu Agosti kwa sababu nilikasirika. Siku mbili nilikukasirikia wewe na kazi yako. Siku zilizobaki nilijikasirikia mimi. Nilimfundisha mtoto kushika tupa miaka minane, halafu nikaona fahari kumtangaza kwa kuketi ghorofani. Jumapili iliyopita nimesimama kanisani. Nimesema, mpwa wangu si karani tena, ni fundi wa mipini Kampala. Mzee mmoja akauliza, ya majembe? Nikamwambia aje nyumbani auone wangu. Wamekuja kumi na wanne. Nelima amemaliza sukari.

Sasa hukumu ya mpini.

Mfupa ni mzuri. Umeutoa mafuta vizuri. Rangi nzuri, kuzidi za kwangu, na hilo nimelisema mara moja tu, usiulize tena. Mshazari ni akili, sikuufikiria mimi. Mkono ule mlegevu unaushika. Ninauhisi kupitia vidole ambavyo hata chai ya moto havikuwa vikiihisi sawasawa.

Makosa. Ribiti ya nyuma imesimama juu kwa unene wa karatasi. Na ukingo wa nusu mwezi upande wa chini umeuacha mkali, unakwaruza kidole gumba. Ulikuwa umechoka au ulikuwa unalia? Kwa vyovyote, fundi anamalizia ukingo. Nimeumalizia mwenyewe kwa msasa, nimebana kisu kati ya magoti. Nimekupa sabini na nane kwa mia. Wewe ulikuwa hujapata zaidi ya sabini kwangu.

Erinayo mwambie nakuja Januari, Oketch akinipa nafasi mbele. Nataka kuziona hizo pembe zake. Bado nasema zitapinda. Mama wa kabichi mwambie sijawahi kuona mtihani wa haki kama ule wa sabuni. Ningekuwa nao shuleni, nusu ya darasa ingeanguka. Saverio sijui nimwambie nini. Mtu asiyenijua alijifunga mkono siku nne. Mwambie nimesimama, na nimerudisha saluti kwa mkono uliopo.

Sasa jambo la mwisho, kabla penseli haijaisha ncha.

Tangu Aprili, kila chungwa nililokula hapa, Nelima ndiye aliyemenya. Alinimenyea, akaligawa, akaniwekea mbele kama mtoto. Kisu kilipofika nilisubiri aende kisimani. Nikakilaza kwenye paja, nikavuta. Kikafunguka. Nikalibana chungwa kwa ule mkono mlegevu, nikaanza. Nusu saa nzima, Nakhisa! Ganda lilitoka vipande thelathini, na maji yalinifika kiwikoni. Aliporudi nilikuwa nimeliweka kwenye kisahani, limejaa makovu kama mtu aliyetoka vitani.

Nikamwambia, karibu.

Aliketi. Alikula lote, kipande kwa kipande, akinitazama, hadi cha mwisho. Hakunibakizia hata kokwa.

Sijawahi kufurahi hivyo kwa kunyimwa.

Wamalwa